Nilivyowapima Madaktari Wawili

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kliniki ya moyo, habari za asubuhi. Mwenyekiti amenipa kiti, lakini naomba nisikikalie. Nikikaa, mkono unakimbilia shingoni kuhesabu mapigo, na nikianza kuhesabu sitamaliza kusema.

Moyo wangu ulianza kupiga ovyo nikiwa napanda ngazi za ofisi hapa Mirongo. Hospitali wakanipa vidonge vya kuzuia damu isigande, nimeze kila siku na kupima damu kila mwezi. Nilimeza. Lakini ndugu zangu, nawaambia, kidonge hakikupi taarifa ya kazi. Nilikula nikihesabu mapigo, nilioga nikihesabu, mke wangu akizungumza nilimwitikia huku nikihesabu. Ndipo jirani akaniambia kuna daktari Mchina huko Nyakato, anatibu moyo kwa mizizi.

Nikaenda. Nilimkuta mzee mpole na dada mmoja anayemtafsiria. Aliniwekea vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono, akatazama na ulimi. Kisha akauliza kama ninatumia dawa ya hospitali. Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema hapana.

Mnacheka kwa sababu mnaelewa. Bibi yangu, Msukuma halisi, hakuwahi kumtajia mganga ugonjwa wake. Alikaa kimya ili mganga autafute mwenyewe. Akikosea, bibi anajifunga kanga, anaondoka. Nami, mwalimu wa chuo mwenye digrii mbili na makala chungu nzima za kuwaonya watu juu ya ujinga, niliwapima madaktari kwa kipimo cha bibi. Nyakato nilificha vidonge, hospitali nilificha mizizi. Atakayeniponya nitamjua, nilisema. Ningemjuaje, wakati nakunywa dawa za wote wawili? Hilo sikujiuliza.

Mwezi wa pili wa kunywa mizizi, fizi zikaanza kutoa damu. Nikanunua mswaki mpya. Mapaja yakapata alama nyeusi. Nikailaumu meza.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye kivuko cha Kamanga, tunakwenda Sengerema kwa wakwe zangu. Katikati ya maji pua ikafunguka. Leso ikalowa, kisha kanga ya mke wangu. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kivuko hakiongezi mwendo kwa ajili ya mtu. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinichemshia mizizi, aliniuliza kama hospitali wanaijua. Nikatazama ziwa.

Wakwe hatukuwafikia. Tuligeuka na kivuko kilekile hadi hospitali. Kipimo kikaonyesha damu imekuwa nyepesi mno; ingeweza kuvujia kichwani. Daktari wangu wa kila mwezi, binti wa umri wa wanafunzi wangu, akaniuliza kama kuna kitu kingine ninachokunywa. Nikakohoa. Nikaomba maji.

“Baba watoto,” mke wangu akasema, “sema wewe, au niseme mimi.”

Nikasema. Yule binti hakunikemea, na hilo lilinichoma zaidi. Alieleza kwamba mizizi ile iliongezea nguvu vidonge vyake, na kwamba mwezi uliopita alinipunguzia dozi bila kujua anashindana na nani. Nililazwa siku tano.

Nilipotoka, mke wangu alinipeleka Nyakato nikaungame na huko. Mzee alinisikiliza, akasema neno fupi. Dada akalitafsiri: “Nilikuuliza mara mbili.” Hakuniuzia tena hata mzizi mmoja. Alinifundisha tu kupumua taratibu wasiwasi unapopanda. Hilo nimemwambia daktari; ameliruhusu.

Sijapona, wenzangu. Mapigo bado yana vituko, nami bado natembeatembea kama mnavyoniona. Lakini niko hai. Namshukuru Mungu, namshukuru yule binti, yule mzee na mkalimani wake, na mama watoto, ambaye alinitishia ukweli nilipokuwa nauogopa kuliko kifo. Sikuja kuwakataza mizizi wala kuwasifia vidonge. Nimekuja kuwaambia kwamba daktari si mganga wa kupimwa. Ukimficha nusu, atatibu nusu, na nusu nyingine itakuua.

Muuguzi wetu amekaa pale mlangoni na daftari lake. Mwenye kitu ambacho hajakitaja, aende kabla ya chai. Foleni naianza mimi. Tangu wiki iliyopita shemeji ananiletea kitunguu saumu cha kusaga, nami bado sijasema.