Mji Ambao Bibi Aliukataa

Bibi Tupokigwe alipanda pikapu pale Masoko, mkononi sweta ya mtumba ya kitoto, akaketi karibu na Modesta, muuguzi mgeni aliyehamishiwa Rungwe. Akamweleza kwamba anakwenda Tukuyu kwa Alinanuswe, mjukuu aliyezaliwa na bintiye, ambaye sasa ana mimba ya miezi saba.

"Basi Bibi, hata wewe uliwahi kumbeba mjukuu huyo," Modesta akasema. "Mtoto wa kike hupata mayai yake ya uzazi angali tumboni. Ulipombeba mama yake, yai la Alinanuswe lilikuwamo."

Bibi akacheka. "Gwe mwanangu, hicho ni kitendawili kabisa!" Mara kicheko kikakatika. Mimba ile aliibeba mwaka ambao mvua ya mawe ililaza migomba yao yote, wakashindia mizizi ya porini. "Na njaa yangu, ililifikia yai?"

"Wataalamu wanahisi njaa huweza kuacha alama hata kwa wajukuu. Bado wanabishana."

"Wabishane tu, mimba si yao! Nimwambie, nisimwambie?"

"Usimtie hofu, Bibi."

"Mbona mimi umenitia?"

Migomba ya watu ikapita, mpaka pikapu iliposimama stendi ya Tukuyu. Alinanuswe alikuwa akingoja, tumbo mbele.

"Bibi, nitegee kimoja kwanza!"

"Kitendawili."

"Tega."

"Nilikubeba kabla mama yako hajazaliwa."

Alinanuswe akawaza, akacheka. "Nimeshindwa. Chukua mji, unipe jibu."

Bibi akampa sweta. Mji hakuuchukua.