Kilio cha Mara ya Pili

Taifa zima litambue kwamba mwanafunzi Yuster, akirudi bwenini Newala, alilala fofofo tangu basi litoke Masasi. Ukweli ni kwamba alifumba macho tu, ili wazee wa kiti cha mbele waongee bila kumwonea haya.

Mmoja wao alikuwa Mama Erasto. Filamu ya msiba wa dada yake ilikuwa imechaguliwa kwenye tamasha la taifa la filamu za matukio ya kweli, naye ameitwa kuzungumza na watengenezaji filamu mkutanoni.

"Nilipolia, kamera ilikuwa haijawashwa," alimnong'oneza jirani yake, Mzee Bwanali. "Yule kijana mwenye filamu akaniomba nilie tena. Nikalia."

"Sisi watani tunaigiza vilio vyenu kila msiba, wala hatuitwi mikutanoni!"

"Cheka tu, mtani. Nikisema, filamu ya kijana inakufa. Nikinyamaza, nimemuuza dada yangu."

"Kwani mara ya pili uchungu haukuwepo?"

"Ulikuwepo. Ila nilikuwa najitazama."

Basi likasimama Newala. Mama Erasto akageuka. "Na wewe, mjukuu wangu, ungesema?"

Yuster akakoroma, kwa adabu, huku mkono ukifuta shavu.

"Aliyelala hafuti machozi," alisema Bwanali.

"Shikamooni," akajibu Yuster. "Nimesikia yote, na sijui."