Trela Haliondoki Kabla Pini Haijaingia

Mgeni rasmi, Mzee Breki, dereva wetu mstaafu, ndugu wazazi, majirani wote wa uani hapa nyuma ya mashine ya kusaga, na ninyi mafundi wetu wawili mliovaa nguo safi kwa mara ya kwanza tangu kazi hii ianze:

Kabla ya salamu kuna uvumi, na ni afadhali tuanze nao maana umetusumbua kuliko kutu. Ulianzia saluni. Mama Saluni alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, akasema, "Hilo trela mnalolipaka rangi lina tabia. Liliwahi kuliacha gari lake mlimani, dereva akafika peke yake." Mwenye kichwa nilikuwa mimi. Sikuweza hata kugeuka nimtazame usoni nione kama anatania.

Uvumi huo ulinifuata mpaka nyumbani. Nikipika upo, nikifua upo, nikikaa nipumzike unavuta kiti unakaa na mimi. Kwa sababu leo trela hili linavutwa na pikapu atakayopanda binti yangu, mkwe wangu, na mjukuu wangu ambaye ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Wanapanda milima ya msituni, kwenye barabara ya mashimo na mawe, wakalale huko. Na trela likiachia kwenye mteremko halichagui wa kumgonga.

Uvumi huo tutaurudia. Sasa tukukaribishe.

KARIBU MGENI RASMI

Sisi wazazi na majirani tunakukaribisha kwa mikono miwili. Wapo waliouliza kwa nini hatukumwalika mtu wa ofisi kubwa. Tukawajibu kwamba mtu wa ofisi angekata utepe akaondoka, lakini wewe unalijua trela hili tangu lina rangi yake ya kwanza. Kiti ulichokalia kimetengenezwa kwa mbao zilizobaki kwenye droo za trela. Tunakuomba usiegemee sana upande wa kushoto, gundi bado haijashika vizuri.

Mimi nimechaguliwa kusoma kwa sababu nina sauti. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo mkisikia neno limekaa vibaya, livumilieni, lengo lake ni zuri.

HISTORIA YA TRELA

Trela hili lilizaliwa kazini. Lilivutwa na gari la watengeneza barabara, likibeba mahema, makoleo na mapipa ya maji. Lilipochoka likauzwa kwa mwenye mashine ya kusaga, likawa la kuwekea pumba. Pumba zilipohamishwa, kuku wakahamia, na ukweli ni kwamba walikuwa wameridhika.

Binti yangu, ambaye mtaa mzima mnamwita Cheche kwa ajili ya kazi yake ya kuchomelea vyuma, alikuwa akilitazama kila nilipomtuma kusaga mahindi. Watu wengine wakipeleka mahindi wanarudi na unga. Yeye siku moja alirudi na trela.

Nikamuuliza, "Mwanangu, unga uko wapi?"

Akanijibu, "Mama, hebu kwanza itazame hii chasisi. Chuma cha zamani hiki, hakitengenezwi tena."

"Chasisi tunaisonga?"

Mumewe, ambaye ni seremala na tunamwita Randa, alikuwa amesimama nyuma ya mlango akicheka kimyakimya. Nikajua hapo kwamba jambo hili walilipanga wawili.

Walianza kulikwangua. Rangi ya juu ilikuwa ya njano, chini yake kijani, chini ya kijani ikatokea ya kijivu, na kwenye ile ya kijivu yakatokea maandishi: USIZIDISHE. Maneno yaliyofuata yalikuwa yameliwa na kutu. Hatujui walitaka lisizidishiwe nini, mzigo au mwendo. Mume wangu alishauri kipande hicho kikatwe kitundikwe jikoni kwangu, mahali ninapoweka chumvi. Cheche akakataa, akayaacha maandishi palepale ubavuni, akayapaka mafuta ya kung'arisha. Mgeni rasmi ukigeuka kidogo utayaona.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio ni mengi na tunayasema bila aibu.

Kutu yote imeondolewa, na palipotoboka pamewekwa bati jipya. Ekseli ni ileile ya zamani, ila imenyanyuliwa kwa springi mpya, na tairi ni za meno makubwa, kwa hiyo sasa trela linaruka jiwe ambalo zamani lingelikwangua tumbo. Taa za nyuma zinawaka, na indiketa ya kulia inawaka upande wa kulia, jambo ambalo halikuwa hivyo mara ya kwanza.

Randa ametengeneza jiko la kuvuta. Unafungua mlango wa nyuma, unavuta, linatoka kama droo ya kabati: hapa majiko mawili ya gesi, hapa ubao wa kukatia, hapa vikombe, kila kikombe kwenye tundu lake ili kisigongane na mwenzake njiani. Mimi ninayo nyumba ya matofali na sina jiko kama hilo. Mkwe wangu analijua hilo, maana nimemwambia.

Juu ya kifuniko kuna hema linalokunjuka na godoro lake ndani, na ngazi ya kupandia. Turubai la hema tulilishona sisi akina mama, cherehani tatu zikiwa zimepangwa hapa uani. Tulipomaliza tukasema lazima lijaribiwe kwa mvua, na mvua haikuwepo. Basi mume wangu akapanda akakaa ndani na gazeti lake, nasi tukaanza kummwagia ndoo za maji kutoka juu ya ukuta. Alitoka mkavu, isipokuwa mguu mmoja, ambao alikuwa ameutoa nje mwenyewe ili ajue kama tunamwaga kweli.

Baada ya hapo hakuna jirani ambaye hakulala humo mchana. Tulipanga zamu. Mama Saluni alipanda kwa dakika mbili, akapitiwa na usingizi, na mteja wake akabaki saluni na dawa kichwani mpaka tukampigia kelele. Mjukuu wangu naye alilala humo, na alipoamka akakataa kushuka, akaishikilia ngazi kama ameizaa.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, asije mtu akasema sisi hatukulipenda trela hili. Tumelipenda, na ndiyo maana tukaogopa.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ilikuwa ule uvumi. Nilipomfikishia Cheche, hakuzima hata mashine yake ya kuchomelea. Alinyanyua kile kioo cha usoni akaniambia, "Mama, trela haliachi gari. Watu ndio wanaoacha."

"Basi nenda ukamuulize huyo dereva."

"Nina kazi, Mama."

"Nitakwenda mimi."

Nikaenda. Hapa mgeni rasmi umeturuhusu tusome mbele ya watu. Ulisema, "Someni tu, nimecheka peke yangu vya kutosha."

Nilikukuta unalisha kuku. Nilipokuuliza kama ni kweli, ukasema, "Mama Cheche, ni kweli tupu. Nilifika kambini, nikashuka kufungua turubai, nikakuta hakuna turubai, hakuna trela, hakuna chochote. Vumbi langu tu ndilo lililokuwa linanifuata."

Ukanieleza jinsi linavyofungwa. Shingo ya trela ina pete ya chuma. Pete inaingia kwenye mdomo wa chuma ulio nyuma ya gari, halafu pini nene inashuka kutoka juu, inapita katikati ya pete, na hiyo pini peke yake ndiyo inayowaunganisha. Pini ikitoka, kila mmoja ana safari yake.

"Sasa pini ilikuwa wapi siku hiyo?" nikakuuliza.

"Niliiazima asubuhi," ukasema. "Komeo la banda langu la kuku lilikuwa limevunjika, nikasema nifungie kwa pini mpaka jioni. Kwenye trela nikachomeka kipande cha mpini wa koleo. Mti mgumu, niliuamini. Na njiani sikutazama kioo hata mara moja, nilikuwa naimba."

Bahati nzuri trela lilikwenda kujilaza kwenye shamba la nyasi na halikumgusa mtu. Mlilirudisha kwa kulifunga kwa mnyororo, kambini likapewa pini nyingine, na hiyo nyingine nayo ikapotea lilipouzwa.

Nikakuuliza, "Na ile ya kwanza?"

Ukanionyesha mlango wa banda kwa kidole. Pini ilikuwa palepale. Ile jioni uliyoisema ilikuwa haijafika.

Uliichomoa, ukaipangusa kwa kiganja, ukanipa. Mlango ukaufunga kwa kamba. Nilirudi nayo imefungwa kwenye pindo la kitenge changu, nzito kama mtoto aliyelala.

Changamoto ya pili ikawa binti yangu mwenyewe. Alikwisha kutengeneza pini yake kwa kipande cha nondo, akaikata vizuri, akaipaka rangi nyekundu. Nikampa ile ya zamani, akainusa. "Mama, hii ina harufu ya kuku. Yangu ni mpya."

"Mpya haijapanda mlima."

"Na hiyo imepanda banda."

Watu wote wa karakana wakacheka, na mimi nikacheka, lakini kitenge sikukifungua. Nikasema lijaribiwe kwanza, na lijaribiwe na mzigo. Sisi wazazi tukajaza magunia ya mchanga: gunia kwa kila droo, gunia mahali pa maji, na juu kwenye godoro magunia mawili yaliyolala kama mtu na mkewe. Randa akaliendesha polepole kwenye ile njia mbovu inayozunguka nyuma ya mashine ya kusaga, ya mashimo na mizizi, bila mtu kukaa nyuma wala kupita karibu. Tulimfuata kwa miguu kama tunamsindikiza bwana harusi.

Trela lilikwenda likiyumba mkia. Randa akaona mwenyewe kosa lake: jiko lote, gesi yote na maji yote alikuwa ameyaweka nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kunakopikiwa. Shingo ikawa nyepesi, kila shimo inarukaruka na kuigonga pini kwa chini. Siku hizi tangi la maji liko mbele, na shingo imetulia.

Liliporudi, Cheche akainama achomoe pini yake. Haikutoka. Ilibidi waigonge kwa nyundo. Ilipotoka ilikuwa imepinda kama kidole kinachomwita mtu, na rangi yake nyekundu imebanduka. Aliigeuza huku na huku, akaitazama kama anavyoitazama kazi mbovu ya fundi mwingine. Mimi neno nilikuwa nalo, nikalifungia kwenye kitenge pamoja na pini.

Kisha akanyoosha mkono. "Mama, ile ya kuku iko wapi?"

Alipoishusha kwenye pete iliingia bila kucheza, ikalia mara moja tu, taratibu, kama mlango mzuri. Cheche akanikumbatia na mikono yake ya grisi. Kitenge hakijatakata mpaka leo na sitaki kitakate.

MAOMBI

Mgeni rasmi, maombi yetu ni machache.

La kwanza, pini uichomeke wewe kwa mkono wako. Iko kwangu tangu asubuhi, kwenye pindo la kitenge, kwa hiyo wale wanaoangalia saa wajue kwamba hakuna anayekwenda popote kabla risala haijaisha.

La pili, tunaomba ukae mbele na Randa mpaka mwisho wa mteremko, pale darajani. Si kwamba hatumwamini mkwe wetu. Yeye anaijua mbao, wewe unaujua mlima. Mume wangu atakufuata kwa pikipiki akurudishe, na akiendesha kasi uniambie, maana yeye haniambii ukweli. Ukiwa humo ndani unaruhusiwa kuimba, lakini kwa kupokezana: mmoja akiimba, mwingine anatazama kioo.

La tatu si ombi, ni shukrani. Tunajua tumeuacha mlango wa banda lako na kamba. Cheche amekuchomelea komeo jipya la banda, lile pale kwenye kitambaa, na ulimi wake ni ile pini ya nondo, ameinyoosha. Kuku hawapandi milima, itawatosha.

Na mimi kama mzazi niseme moja kwa kinywa changu. Wanasema mama ana woga. Ninao, na sikuuficha, na sijawahi kuwaambia wasiende. Nimewaona wakilala chini ya chuma hiki wakikikwangua, nywele zimejaa vumbi la kutu, wanacheka. Nataka waende. Nataka mtoto aamke huko juu asikie ndege asiowajua, anywe maziwa yake kwenye kikombe kilichotoka tunduni. Nataka tu kila kilichofungwa hapa kifike kimefungwa.

Mungu akupe umri mgeni rasmi, akupe na kuku wengi. Mungu aitangulie pikapu, alishike trela, na katikati yao aishike pini.

Sasa nafungua kitenge. Pini hii hapa. Wakati unaichomeka, mafundi wetu wasikilize mambo ya kuepuka, ambayo tumeyaandika pia kwa rangi ndani ya mlango wa jiko:

Kuondoka bila kutikisa shingo ya trela kwa mikono.

Kuning'iniza minyororo ya usalama, iliyoongezwa sasa kwenye shingo, kama mapambo. Ifungwe.

Kuweka vizito vyote nyuma.

Kumpandisha mtu yeyote kwenye trela likiwa linatembea, hata mwenye usingizi.

Kupika ndani ya hema.

Kufungua hema kabla ya kuweka mawe kwenye tairi.

Kuegesha kwenye mkondo wa maji, hata kama ni mkavu na mchanga wake ni laini.

Kuzidisha. Trela lenyewe limesema.

Kuazima pini, hata kwa dakika moja, hata kwa kuku.

Kusahau kioo. Na mkikitazama mlitazame trela, msinitazame mimi. Mimi nitakuwa nimesimama palepale napunga mkono.

Ni sisi,
Wazazi na Majirani wa Trela la Uani, Nyuma ya Mashine ya Kusaga