Filimbi ya Marehemu Nzau Kitonga

Mchungaji, wakwe zetu wa Matiliku, na nyinyi nyote mliofika juani hivi, familia imenisimamisha mimi Syokau, dada yake mkubwa, nisome, macho yangu si ya jana, kwa hivyo mnivumilie.

Nzau alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 hapa Matinyani, mtoto wa mzee Kitonga na mama Mbithe, akaingia shule mwaka wa 1959, na mwezi wa Desemba 1964 akaiacha, si kwa kukosa karo, bali kikundi cha ngoma kilipita sokoni kikienda sherehe ya Jamhuri, vijana wakapinduka hewani, naye akawafuata na sare ya shule mwilini, baba akamsaka mpaka Kanyangi.

Tuseme ukweli, aliruka kuliko wote, na mwaka wa 1972 akafanywa kiongozi akavishwa filimbi, na kwa wasiojua, kwetu ngoma inaweza kulia mpaka jioni lakini filimbi isipopulizwa hakuna mguu unaoacha ardhi, basi huyo bwana akalala nayo shingoni miaka yote, akawapeleka vijana uwanjani siku za taifa na kwenye mahoteli ya Mombasa, na disko ilipowanyang'anya mahoteli akakubali hata mikutano ya wanasiasa, waliomwahidi mabati wakamwachia kofia.

Alimwoa Nthenya tarehe 14 Desemba 1974 kanisani Matiliku, akapuliza filimbi katikati ya viapo, kikundi kizima kikaruka mbele ya madhabahu, mchungaji wa siku hizo akatoka nje kwa hasira, bibi arusi akabaki amesimama na shela yake, akaninong'oneza, "Wifi, mimi nimeolewa na filimbi."

Walijaliwa wavulana watatu, ambao hawawezi kuruka hata mtaro, wasinune, ni kweli, na msichana, Kasyoki, aliyejifunza kwa kujificha nyuma ya ghala na leo ndiye anayefundisha ngoma shule za huku kote, lakini kila alipoomba filimbi babake alimjibu, "Hii ni ya mwanamume, wewe piga makofi," na Nthenya amezeeka akimsihi mumewe ampe.

Alipata kiharusi mwezi wa Machi 2024, mkono ukafa, mdomo haukufa, akawa anapuliza wodini akitaka chai, manesi wakikimbia wakidhani ni moto, akamwapia Nyamai, mpiga ngoma wake, kwamba atazikwa na filimbi yake, akatuacha tarehe 9 Agosti 2025.

Tunawashukuru madaktari, na manesi zaidi, poleni, majirani kwa kuni na maji, na wenzake wa kikundi, ambao tangu asubuhi wameketi pale na njuga miguuni wakibishana ni nani atawaanzisha, huku Nyamai akichungulia jeneza.

Nyamai, acha kuchungulia, filimbi Nthenya aliitoa akimvalisha kule mochari, imo mkobani mwake, na amesema mumewe hashuki kaburini bila ngoma, na ngoma haianzi mpaka Kasyoki apulize, asiyetaka kuruka kwa filimbi ya mwanamke afungue njuga akae chini.

Kasyoki, njoo kwa mama uchukue.

Nawe Nzau, ndugu yetu, pumzika kwa amani, na ukiisikia ikilia, tafadhali, usiinuke.