Bibi Anaitwa Nani

Treni ya Kidatu ilipoiacha Kilosa, Wenceslaus alijifanya amelala ili asikie vizuri. Kiti cha mbele yake, Yusrah, msichana anayesoma historia chuo kikuu, alikuwa akimweleza mama mmoja mtu mzima, waliyejuana naye kwa shikamoo tu, habari za insha yake.

"Nimeandika maisha ya waanika mkonge, kama bibi alivyonisimulia. Mhadhiri wetu ni mkali, lakini hiyo aliisoma mbele ya darasa zima. Kisha akaniuliza, bibi yako anaitwa nani? Mama, nilikuwa silijui jina lake. Nyumbani tunamwita Bibi tu. Ndiyo naenda kumuuliza."

"Utamuulizaje bibi yako jina? Mtu mzima hatajwi hovyo, mwanangu."

"Mhadhiri anasema mbona maprofesa tunawataja."

"Maprofesa hawajakubeba mgongoni."

Wenceslaus akaona hapo chuo kikuu kimeshindwa. Yusrah akatazama nje.

Treni iliposimama Mikumi, yule mama alishuka na furushi lake, akaenda hatua chache, kisha akarudi chini ya dirisha.

"Hata mimi nimeanika mkonge miaka mingi," alisema taratibu. "Naitwa Tumwagile."