Mzee Tuzime Kwanza Anaweka Bisibisi Chini

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi kompyuta wa chuo chetu anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Jina lililoandikwa kwenye kadi yake ya kazi wengi wetu tumeshalisahau. Hata mlinzi wa getini humwandika "Tuzime", na wageni hudhani ni jina la ukoo.

Jina hilo alilipata kwa haki. Umpelekee laptopu iliyoganda, inayounguruma, isiyowaka kabisa au inayowaka na kuzimika, jibu lake ni lile lile: "Tuzime kwanza." Anachomoa chaja, flashi, kipanya na kila kinachoning'inia, anatoa betri, halafu anabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka mwenye mali aanze kuona haya. Anarudisha betri, anawasha. Mara nyingi inawaka. Mhasibu wetu aliwahi kuuliza kwa masikitiko, "Ndiyo hiyo tu?" Akajibiwa, "Ulitaka nikupigie na ngoma?"

Alianza kazi hapa chuo kizima kikiwa na kompyuta nne, zote zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvivua, kwa sababu watu walikuwa wanaziwasha vikiwa juu, mashine zinapata joto na kuzimika. Mkutubi, aliyevifuma kwa mikono yake, hakumsalimia muhula mzima. Leo mashine zimepita mia mbili, na mkutubi huyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya kumuaga. Kitambaa kimoja bado anacho, na ametuahidi hatakileta.

Karakana yake, kile chumba chembamba kati ya maktaba na stoo, ina sheria moja: huachi laptopu ukaondoka. Unakaa kwenye kiti, unapewa kisosi, na kila skrubu inayotoka unaipokea wewe. Mzee anaamini kwamba mashine ikifunguliwa mbele ya mwenyewe, mwenyewe hukumbuka ugonjwa ulivyoanza. Na kweli. Watu walioingia wakiapa "sijagusa kitu, imezima yenyewe tu", wakifika skrubu ya tatu hukumbuka mtoto, uji, au ngazi.

Hakuna aliyesamehewa kisosi. Mkuu wa chuo aliyepita alikishika asubuhi nzima, wajumbe wa bodi wakimsubiri ukumbini. Katibu muhtasi alipokuja kumwita, mkuu alimjibu kwa kunong'ona, "Siwezi kuinuka, dada, nina skrubu." Maneno hayo tunayatumia hadi leo tukitaka kukwepa kikao.

Tusimfanye malaika lakini. Siku moja alimaliza laptopu ya matroni wa bweni, akaifunga, ikawaka vizuri, na kwenye kisosi ikabaki skrubu moja. Akaifungua yote upya. Hakuona pengo. Akaifunga, akaifungua tena, jasho linamtoka, matroni anamwambia, "Mzee wangu, iache tu, inawaka." Hakuiacha. Ilikuja kugundulika ni skrubu ya miwani ya matroni mwenyewe pale kioo kimoja kilipomdondokea mapajani.

Mimi ni mtunza stoo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na naomba nieleze langu moja.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Aliacha laptopu kuukuu ambayo alikuwa akijirekodi nayo akijifunza kupiga kinanda. Alianza kujifunza mvi zimeshamjaa, na wimbo ulikuwa mmoja tu. Sauti yake imo humo, maana kila akikosea alikuwa anajigombeza. Siku nilipotaka kumsikia, laptopu ilikataa. Inawaka, inaonyesha nembo, inalia pii, inazimika, inawaka tena. Rekodi hizo hazikuwa mahali pengine popote. Fundi mmoja wa mjini aliitazama kidogo akasema dawa yake ni kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Niliikumbatia nikaondoka nayo hata bila kuaga.

Siku hiyo Mzee hakusema tuzime kwanza. Alisema, "Shemeji, vilivyomo kwanza." Akanipa kisosi. Aliitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake kwa waya, tukangoja, na mimi sikuwa natazama kioo, nilikuwa natazama uso wake. Mafaili yalipojitokeza alinionyesha kwa kidole. "Yapo. Ya kwako hayo, mimi siyafungui." Aliyanakili kwenye flashi mbili, akaniambia moja nimpe binti yangu akae nayo kwake. Ndipo alipoanza kuutafuta ugonjwa.

Haukuwa mkubwa. Kitufe kimoja cha pembeni kwenye kibodi kilikuwa kimenata chini, basi mashine kila ikiwashwa inadhani kuna mtu anakibonyeza kwa makusudi. Mzee alikibandua taratibu, akakinusa.

"Chai," akasema. "Tena imeganda kama asali. Shemeji, huyu bwana alikuwa anakunywa chai au sharubati?"

Nilimjibu kwamba ni vijiko vitano kikombe kimoja, na ukimwambia apunguze anaongeza. Nilicheka mpaka skrubu zikaruka sakafuni, tukapiga magoti wote wawili kuzitafuta chini ya meza. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu msiba.

Akasafisha kwa spiriti, akarudisha diski, akafunga, akawasha. Laptopu ikawaka moja kwa moja kama vile haijawahi kutusumbua. Nikafungua rekodi ya kwanza. Kinanda kikaanza, kikapotea njia, na mume wangu akasema, "Ah, vidole gani hivi, jamani!" Akaanza upya. Wasomaji wa maktaba walichungulia mlangoni kuuliza nani anagonga vyombo. Mzee akawanyamazisha kwa mkono. Alikaa akasikiliza rekodi nzima mpaka mwisho, jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kufanywa na mtu yeyote.

Ilipokwisha alifikiri kidogo, kisha akasema kwa heshima zote, "Shemeji, marehemu alikuwa hajui kupiga."

Nikasema, "Hata kidogo."

Akavuta kiti chake karibu. "Haya, weka ya pili."

Mzee wetu, kila mtu hapa chuoni ana lake la kukushukuru, na hilo ndilo langu. Vijana wawili uliowafundisha wanabaki karakana, na tayari wanatugombeza kama wewe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mkeo ametudokeza kwamba laptopu ya nyumbani kwenu haijawaka tangu mwaka juzi, na kila akiuliza unamwambia foleni ni ndefu. Foleni ndiyo imeisha hiyo. Nenda ukampe zamu yake, maana tumeikalia kwa muda mrefu sana. Uamke saa unayotaka, afya ikukae, wajukuu wakuchoshe kidogo tu, na siku zako zote za mbele ziwe za raha.

Mtunza stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wote