Sauti Saba na Treni Isiyokuja

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama kuna chungu jikoni, punguza moto. Kama kuna mtoto analia, mbebe uje naye. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmemsikia miaka nenda rudi bila kumjua sura. Tunamkumbuka mtafsiri wa filamu wa ukumbi wa video ule ulio nyuma ya soko. Jina lake la kazi lilikuwa Sauti Saba. Amefariki wiki hii nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa mapafu. Sauti Saba, mtafsiri wa filamu, ametutoka.

Kwa msikilizaji ambaye hakuwahi kuingia ukumbini, kazi yake ilikuwa hivi. Filamu inatoka ng'ambo, watu wa ndani wanaongea lugha yao. Sauti Saba anakaa juu ya kreti la soda pembeni ya skrini, kipaza sauti mkononi, kimefungwa leso ili kisikwaruze. Mkono mmoja unapunguza sauti ya filamu, mkono wa pili unatuletea Kiswahili. Akiwa jambazi, anakoroma. Akiwa bibi harusi, anadeka. Akiwa mbwa, anabweka, na mbwa wa mtaani walikuwa wanamjibu. Saba ilikuwa heshima tu. Mkewe anasema sauti zake hazikuwa na idadi.

"Sauti moja tu hakuwa nayo," mjane ametuambia, "ya kuomba radhi. Akinikosea, anaomba msamaha kwa sauti ya polisi wa kwenye filamu mpaka nacheka, basi yameisha. Kwa sauti yake mwenyewe, hajawahi."

Shikeni hilo neno, wasikilizaji wapendwa. Tutalirudia.

Sauti Saba alizaa watoto wanne. Wa mwisho ni kijana wa kiume, fundi wa matairi, na nyumbani wanamwita Kitinda. Huyu ndiye aliyekuwa akilala kwenye mapaja ya baba yake pale ukumbini tangu akiwa ananyonya. Kitinda ndiye aliyejua kumwiga baba kuliko watu wote. Na Kitinda ndiye aliyekuja nyumbani siku moja, akaweka kofia mezani, akasema anataka kujiunga na jeshi.

Wakati ule mpakani palikuwa pameanza kuchafuka. Mama akalia. Dada mkubwa akamsema mdogo wake mpaka akakaukiwa na mate. Baba naye akamwita uani, akamkalisha, akaanza maneno ya hekima, na Kitinda akamwambia, "Baba, hiyo ni sauti ya yule padri wa kwenye filamu." Na kweli ilikuwa ndiyo. Wakatoka pale wamekasirikiana, na kwa muda mrefu kijana akawa anasalimia tu na kupita.

Ndipo ikaja filamu ya Wajerumani.

Mwenye ukumbi aliinunua kwa kuangalia picha ya ganda la nje. Ganda lina bunduki, lina moshi, akajua hapo watu watajaa. Sauti Saba akaipeleka nyumbani kuitazama kwanza, kama kawaida yake, huku mkewe akikunja nguo. Filamu yenyewe ni ya askari wa Kijerumani, wakati wa vita vile vikubwa. Wametumwa kulinda stesheni ya reli katikati ya theluji, wangoje treni ya kuwarudisha makwao. Kamanda wao anajua kwamba reli imeshalipuliwa huko nyuma. Treni haipo. Hawaambii. Wanangoja, wanaumwa, wanaganda, wanaisha mmoja mmoja. Mwisho anabaki askari mmoja, mdogo wa wote, amekaa jukwaani na mfuko wake mapajani, kama abiria.

"Ilipokwisha hakusimama," mjane anasema. "Akaniambia, mama watoto, hii si filamu, huu ni msiba. Halafu akaniambia, acha Kitinda aione. Mimi nimeshindwa kusema, hii itanisemea."

Sasa, ukumbi ule una desturi yake. Filamu ikiisha, hakuna kutoka. Taa inawashwa, kipaza sauti kinazungushwa, na kila mwenye maoni anayatoa. Wao wanaita mizani. Sauti Saba ndiye aliyeianzisha, na mwenye ukumbi alikuwa akirekodi kila onyesho, maoni na yote, kisha anaziuza hizo nakala. Kwa hiyo ninayowaeleza sasa sikuyaokota barabarani. Nimeyasikiliza mwenyewe.

Onyesho la kwanza lilikuwa Ijumaa. Kitinda hakuwepo, alishikwa na kazi gereji. Siku hiyo Sauti Saba hakutia utani hata punje. Alisema yaliyosemwa, basi. Na pale mwisho, yule askari mdogo alipobaki peke yake jukwaani, hakusema kitu. Aliacha upepo wa filamu uvume. Kwa mtu aliyembwekea kila mbwa aliyepita kwenye skrini, wasikilizaji wapendwa, hilo halikuwa jambo dogo.

Taa ikawashwa. Mizani ikaanza.

Fundi mwashi akashika kipaza sauti kwanza. "Nimekaa hapa mpaka miguu imekufa ganzi. Adui yuko wapi? Filamu ya vita haina adui?"

Mama mshonaji akasema, "Mimi nimeona vifungo. Yule mtoto koti lake lina vifungo viwili. Kwao hakuna mtu? Nani alimwacha akatoka nyumbani na koti la vifungo viwili?" Na hapo sauti yake ikakatika, ukamsikia anapenga kamasi.

Mzee mmoja mstaafu wa jeshi, ambaye haongei kwenye mizani, siku hiyo aliomba kipaza sauti. Alisema, "Ndivyo ilivyo." Akakirudisha.

Lakini nyuma kule vijana walikuwa wameshachoka. Mmoja akapaza sauti, "Sauti Saba, leo unaumwa? Chakula chote hakina chumvi." Watu wakacheka, wakashukuru kupata cha kucheka.

Mwenye ukumbi akamsubiri mlangoni. Hakumgombeza, maana walikuwa marafiki. Alimwambia, "Ndugu yangu, watu hawaji hapa kuzikana. Kesho tia chumvi."

Kesho yake Kitinda alikuja. Alikuja na wenzake wa gereji, wakakaa mstari wa mbele. Sauti Saba alikuwa ameapa hatatia chumvi. Alianza vizuri, kavu, kama jana. Halafu mabenchi yakaanza kulia. Mtu akakohoa, mwingine akapiga mluzi. Akamtazama mwanawe, akamwona anapiga miayo na kutazama mlango. Aliogopa. Mwenyewe alimwambia mkewe baadaye, "Niliogopa ataondoka kabla ya ule mwisho wa stesheni."

Basi akatia kidogo. Sajini mnene akampa sauti ya mjomba mpenda sifa, yule ambaye kila ukoo unaye. Akamwita Mjomba. Kitinda akacheka.

Wasikilizaji wapendwa, mzazi ambaye mwanawe amemnunia miezi kisha akamsikia anacheka, mnataka afanye nini? Akaongeza. Yule askari mdogo akambatiza jina la Kitinda, akidhani litamchoma kijana moyoni. Wenzake wakampiga mabegani, naye akanyoosha kifua. Askari wa filamu walipogawana mkate ulioganda, Sauti Saba akawafanya wanasutana kama mawifi. Walipochimba kaburi kwa vijiko, akawapa wimbo. Ukumbi mzima ulikuwa unajishika mbavu. Na pale mwisho, yule mdogo alipobaki jukwaani na mfuko wake, Sauti Saba akawa treni. Akavuma, akapiga honi, akatangaza kwa sauti ya kondakta mwenye mafua: "Abiria wote, tiketi mkononi."

Ninayo rekodi hiyo. Kicheko kimefunika kila kitu.

Mizani ilipoanza, Kitinda aliinuka wa kwanza. Maneno yake ni haya, sikuongeza wala kupunguza: "Mimi nimependa umoja wao. Wana shida, lakini angalia wanavyocheka. Wanakula pamoja, wanataniana mpaka mwisho. Huku mtaani nani anacheka na wewe hivyo?"

Niwaambie jambo moja, na nalirudia ili mtu asilikose. Katika filamu ile, askari hawacheki. Hata mara moja hawacheki. Nimeitazama yote. Kicheko chote alichokipenda Kitinda kilikuwa cha baba yake.

Jumapili asubuhi baba alimwomba mwanawe waitazame tena, wao wawili tu, nyumbani, bila kutafsiri. Kitinda alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema, bila ubaya wowote, "Baba, hiyo nimeshaiona. Na ile yako ni nzuri zaidi." Baba alisimama na ile filamu mkononi. Haikupita muda, kijana akaandikishwa. Mama alilipeleka koti lake kwa mama mshonaji, vifungo vyote vikakazwa upya, na hapo nyumba yote ikawa imemaliza kufanya ililoweza.

Dada mkubwa wa Kitinda anasema, "Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Lakini simlaumu baba. Ningemlaumu nini? Alimwita mtoto kwa njia aliyoijua."

Baada ya hapo Sauti Saba hakutafsiri tena filamu ya vita. Alibaki na za mapenzi na za mbwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ile rekodi ya Jumamosi ilipendwa kuliko zote alizowahi kufanya. Ilihama simu kwa simu. Siku moja amekaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa kimenyolewa, akasikia kutoka kwenye spika, "Abiria wote, tiketi mkononi." Akamwomba kinyozi azime. Kinyozi akadhani mzee anaona haya kwa kusifiwa. Akaongeza sauti, akawaambia wateja, "Huyu hapa ndiye mwenyewe." Watu wakampigia makofi. Akakaa pale mpaka nusu ya pili ikaisha, maana atakwenda wapi na nusu kichwa?

Kitinda akapelekwa mpakani. Habari zilikuwa zinakuja kwa kudonyoa: simu leo, kisha kimya, kisha simu. Sauti Saba akaanza kukohoa, na kikohozi hakikusikia dawa. Alipolazwa chini na ugonjwa, alikuwa na shida moja tu, mkewe anasema. Alitaka kumwomba mwanawe radhi. Alikuwa akijaribu maneno peke yake kitandani, anasema mbili tatu, anatikisa kichwa, anaanza upya. Alikuwa anafanya mazoezi, wasikilizaji wapendwa, mtu ambaye hakuwahi kufanya mazoezi ya sauti yoyote.

Simu ikaja mchana mmoja. Mjane alikuwepo, ndiye aliyemshikia simu sikioni. Haya ni maneno yake.

"Mtoto alikuwa na furaha. Kwa nyuma nasikia wenzake. Anasema, baba, huku nawafanyia sauti zako kila siku, Mjomba, kondakta, zote, wanasema nadanganya, eti mwenye sauti hizo si baba yangu. Baba, wako hapa wamenizunguka, nifanyie Mjomba. Mume wangu akasema, mwanangu. Akasema tena, mwanangu. Na mimi namwangalia, namwambia kwa macho, sema sasa. Wale vijana kule wanasema, eh, mzee, tunangoja. Basi akafumba macho akawafanyia Mjomba. Akawafanyia na kondakta. Walicheka, nakuambia walicheka mpaka simu ikakatika. Akausogeza mkono wangu na simu. Akageukia ukutani."

Walijaribu kupiga tena. Siku hiyo na siku zilizofuata. Haikupatikana, na mpaka Sauti Saba anavuta pumzi ya mwisho ilikuwa bado haipatikani. Mpaka ninapozungumza nanyi haijapatikana. Familia imekwenda kuuliza jeshini, ikajibiwa kwamba kikosi kiko mbele na ujumbe utafikishwa. Baba amezikwa. Mwanawe wa mwisho hajui, au hawezi kujua. Sisi pia hatujui ni lipi kati ya hayo mawili.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaofanya kazi hapa, tunampa pole mjane, tunawapa pole watoto, tunampa pole mwenye ukumbi ambaye amelifungia kreti lile la soda stoo na hataki likaliwe. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi mlio na ile rekodi ya Jumamosi simuni, sina la kuwaamuru, na nikiamuru hamtasikia. Nawaomba tu, itakapofika ule mwisho wa stesheni, mjiulize nani hasa alikuwa anacheka.

Mjane ametuomba jambo moja. Ametuomba tusipige rekodi hiyo leo. Amemwendea mwenye ukumbi, naye akachimbua ile nyingine, ya Ijumaa, ambayo haikununuliwa na mtu. Tutawapigia dakika yake ya mwisho. Askari mdogo yuko jukwaani. Hamtasikia neno. Mtasikia upepo, na karibu kabisa na kipaza sauti mtasikia mtu anapumua.

Kitinda, ikiwa huko uliko kuna redio, anayepumua ni baba yako. Hatanii. Msikilize.